Betri Italala Wapi?

Nikiitwa kufunga sola, iwe Chamwino, Bahi au mitaa ya pembezoni mwa jiji la Dodoma, swali langu la kwanza siku hizi si idadi ya taa wala ukubwa wa televisheni. Nauliza: betri italala wapi? Wenye nyumba wengi hunionyesha uvungu wa kitanda. Nawaelewa. Betri ni mali, mwizi anaijua bei yake, na kitu cha thamani hulala na mwenyewe.

Aliyenifunza swali hilo ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Ujana wake wote aliumalizia kwenye betri za mabehewa, zile zilizowawashia abiria taa usiku. Aliniita nimfungie sola kwao Mvumi, kwenye tembe alilorithi. Nilipoingiza betri chumbani akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, humu hapana. Hiyo inapumua."

Betri ya asidi ikishajaa na umeme ukaendelea kuingia, umeme ule huyapasua maji yaliyomo, yakawa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na hakuna gesi nyepesi kuliko yenyewe, kwa hiyo hupanda na kukaa darini. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha: ya swichi, ya kibatari, ya koleo la chaja lililochomolewa umeme ukiwa bado unapita. Betri ikipasuka, asidi humrukia usoni aliyeinama.

Sasa litazame tembe. Wagogo walilijenga kwa akili kubwa: paa bapa la miti na udongo, kuta nene, matundu machache madogo. Jua la Oktoba halipenyi, baridi ya Julai haipenyi. Hewa nayo haitoki. Nyumba ya bati angalau ina mianya chini ya paa. Hifadhi ile ile iliyowalinda mababu ndiyo inayoifungia gesi juu ya vichwa vya watoto waliolala, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko yote ninayoyajua katika kazi hii.

Baadaye nilisoma habari za nyambizi, nikaona mzee hakuwa na hofu za uzeeni. Nyambizi za vita vikuu vyote viwili zilikwenda chini ya maji kwa nguvu ya betri kubwa za risasi na asidi, na mabaharia wake ilibidi waipime na kuitoa haidrojeni wakati wa kuchaji. Maji ya bahari yakiziingia betri hizo, yalizaa klorini, gesi ya sumu. Hata wanaounda nyambizi ndogo za kuongozwa kwa rimoti, vyombo vya kukaa mapajani, wanaijua hatari ya kuchaji betri ndani ya mwili uliozibwa usiingie maji. Kisichoruhusu maji kuingia hakiruhusu gesi kutoka.

Chumvi nayo si habari ya bahari peke yake. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na nimekuta watu wakiyamimina kwenye matundu sita ya betri kwa sababu maji yaliyokenekwa ya dukani ni ghali. Chumvi huziua pleti. Heri chupa moja ya dukani kuliko betri mpya.

Mwishowe mzee na mimi tulikubaliana betri ikae kibarazani, upande wa kivuli. Fundi seremala alitengeneza sanduku la mbao lenye matundu chini na juu; mnyororo ulipita ukutani ukafungwa kwa ndani, mwizi asiufikie. Fyuzi niliiweka karibu kabisa na ncha ya chanya. Kivuli nacho kina faida yake, maana kila nyuzi 10 za joto zinapozidi 25, maisha ya betri hupungua kwa karibu nusu. Tangu siku ile nafunga hivyo kila ninapokwenda, na begi langu halikosi miwani ya kazi, dumu la maji safi na magadi. Asidi ikimwagika sakafuni, magadi huikata makali. Ikiingia jichoni ni maji mengi yanayotiririka, robo saa na zaidi, kisha hospitali, si magadi.

Betri za lithiamu zinaingia kwa kasi na hazitoi haidrojeni zikichajiwa, lakini zina moto wao. Ile ya simu iliyovimba haitobolewi, na mafundi vijana naomba mnisikie.

Limebaki la betri iliyokufa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia watu sumu ya risasi majumbani mwao. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga alidhurika, alipigana hadi mwaka 2020 mahakama ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo nikifunga mpya, ya zamani naondoka nayo imesimama wima, vifuniko vimekazwa, asidi yake yote ndani, hadi kwa mnunuzi mwenye kibali. Kijana anayetaka kuimwaga mtaroni ili auze risasi tupu, kwangu haipati.