Mampu, fasi wanapanda makala



Mtu wa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi hana lazima ya kufundishwa makala ni nini. Asubuhi mapema tunaona vijana barabarani wakisukuma kinga, mifuko ya makala imefungwa juu, jasho inatoka. Jioni mama anawasha mbabula, bukari inapikwa, tunakula na kushukuru Mungu. Lakini nani kati yetu anauliza kama kesho mti mwingine utatoka wapi?

Mimi niliuliza, lakini niliuliza vibaya. Siku moja nilihubiri kwa nguvu juu ya watu wanaomaliza pori. Kiisha ibada, baba mmoja shemasi akanikamata mkono. Zamani alipoteza kazi ya kampuni, na toka siku ile alikuwa anachoma makala ili kulipa masomo ya watoto. Akasema: "Pasta, umehubiri muzuri. Sasa nikiacha makala, batoto batakula nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwombea tu, na neno lake likabaki ndani ya moyo wangu.

Mwaka 2017 nilifika Kinshasa kwa mkutano wa kanisa. Mchungaji mwenzangu wa kule akaniambia: "Mbele ya kurudi kwenu, twende nikuonyeshe Mampu." Tulitoka alfajiri, tukapita kiwanja cha ndege cha Ndjili, tukavuka mto Nsele, kiisha gari likapanda plato ya Bateke. Safari ni karibu kilometa 140. Kule si kama kwetu. Sisi tuko na miti yetu ya muputu, mutondo na mubanga, na chini yake tunaokota uyoga na vinkubala. Kule ni mchanga na majani tu, mpaka macho yanachoka. Halafu, katikati ya majani yale, pori kubwa likasimama mbele yetu.

Pori lile lilipandwa na mikono ya watu. Kati ya mwaka 1987 na 1993, kwa msaada wa feza ya Ulaya, walipanda karibu hektari 8 000 za akasia, mti ambao asili yake ni upande wa Australia. Kiisha wakagawanya: jamaa zaidi ya 300 wakapewa, kila jamaa hektari 25.

Baba mmoja mzee alitupokea chini ya miti yake. Yeye alisema Lingala, mimi Kiswahili, mwenzangu akawa mfasiri. Lakini neno "makala" halikuomba mfasiri. Ni lile lile kwao na kwetu.

Alituonyesha kazi pole pole. Akasia inakaa miaka 8 mpaka 10, kiisha inakatwa na kuchomwa makala. Matawi madogo yanabaki chini, yanachomwa moto. Moto ule unaamsha mbegu zilizolala ndani ya mchanga, na akasia mpya zinaota zenyewe. Katikati yake wanapanda mahindi na mihogo. Mizizi ya akasia inaongeza nguvu ya udongo, kwa hiyo mchanga ule maskini unazaa. Miti ikikuwa mikubwa na kuleta kivuli, mavuno ya chakula yamekwisha kutoka, na nyuki wanakuja kutoa asali. Ukikata sehemu moja ya kumi kila mwaka, siku unamaliza ya mwisho, ya kwanza imekwisha kukomaa tena.

Nikamwuliza: "Tata, na moto wa pori wakati wa kiangazi?" Akacheka. "Ukija usiku, nyumba yote inaamka. Ni miti yetu."

Niliporudi, nilisimulia kanisa yote, lakini neno lile la mwisho sikulisikia vizuri. Tulitia mbegu za akasia ndani ya maji ya moto ili ganda lilainike, tukatengeneza pepinyeri nyuma ya kanisa. Mwezi wa 12 tukapanda wote pamoja, kwa nyimbo, kwenye kiwanja cha watu wote. Mwezi wa 8 moto ukapita. Hakuna mti uliobaki. Nikauliza: "Nani alikuwa analinda?" Kila mtu akaangalia mwenzake.

Pale ndipo nilimwelewa mzee wa Mampu. Mti wa watu wote hauna mlinzi. Mara ya pili tulienda kwanza kwa chifu pamoja na wazee. Jamaa zilizotaka zikapata kila moja kipande chake, kimeandikwa kwenye karatasi mbele ya washahidi. Kila jamaa ikapanda mahindi katikati ya miti, ikafyeka njia ya kuzuia moto. Na kwenye pori tukapatana kuacha visiki vya muputu na mutondo vichipuke, maana miti yetu inajua kufufuka kama hatuisumbui.

Lakini udongo bila amani si kitu. Mwaka 2022, kule Kwamouth, kodi ya mavuno ambayo wakulima walilipa kwa machifu ilileta ugomvi kati ya Wateke na Wayaka. Ukageuka vita, watu wengi wakafa, wengine wakakimbia, na vita ikafika mpaka plato ya Bateke. Nilihuzunika sana nikikumbuka mzee yule. Kwa hiyo ninasema: karatasi ya shamba isifichwe, na mgeni na mwenyeji wakae pamoja mbele ya kupanda, si kiisha kugombana. Mwanzo 2:15 inatuonyesha kama Mungu alimpa mtu bustani kwa kazi mbili, kulima na kulinda. Sisi tunapenda ile ya kwanza.

Shemasi wetu? Sitadanganya, bado anachoma makala ya pori. Lakini kidogo kuliko mbele, na akasia zake zimepita paa la nyumba. Siku moja nilimkuta anazihesabu na mtoto wake wa mwisho. Akaniambia: "Pasta, hizi sikati leo. Huyu ndiye atazikata, kiisha apande tena."