Makanya siikumbuki

Jamani nimefika, nipo Moshi mjini, nakunywa chai. Samahani kwa kimya.

Mnajua Desemba yetu sisi Wachaga. Kila mtu anapanda nyumbani. Ndugu zangu walishatangulia, mimi nikabanwa na kazi, nikabaki na kigari changu na kilomita kama 560 za peke yangu. Nikatoka Dar saa kumi jioni, baada ya kazi. Ujinga mtupu, kwa sababu usiku uliotangulia nililala saa tatu tu.

Mama alikuwa anaogopa majambazi. Hadi Segera hata mimi nilijiona shujaa, muziki juu, dirisha wazi. Kumbe shida ya kusafiri peke yako ni kwamba hakuna wa kukutazama usoni akakwambia, "We unasinzia."

Na si kwamba sijui barabara hii. Februari 2023, pale Magira Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba msiba kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku. Tulitangaza vifo 17 siku ile. Juni 2025 ikawa Same, basi na Coaster, moto ukawaka, wakafa watu wasiopungua 38. Habari hizi nimezisoma na kuzirudia, halafu nikapita palepale usiku nikiwa na usingizi.

Shangazi naye hakunisaidia. Anapiga Segera: "Umefika wapi?" Anapiga Mombo. Anapiga Hedaru, mtori umeshaiva. Kila akikata simu mimi nakanyaga mafuta.

Baada ya Hedaru inakuja Makanya. Makanya siikumbuki. Nilipita, lazima nilipita, lakini kichwani hakuna kitu, hata taa moja. Nilichokiona baadaye ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani, yale ambayo kila dereva wa nchi hii anajua maana yake, na mimi nilikuwa tayari juu yake. Mbele kidogo, tela la lori lililoharibika, halina hata taa. Nikakata usukani kulia. Mungu alijalia hakukuwa na gari linalokuja.

Nikasimama pembeni, mikono inatetemeka. Utingo wa lori akaja na tochi.

"Bro, majani hukuyaona?"

Nikamwambia nilikuwa nawaza. Akanimulika machoni.

"Ulikuwa umelala wewe. Nenda taratibu hadi Same, tafuta gesti."

Nilikwenda madirisha wazi, naimba kwa sauti. Gesti ya kwanza niliyoiona nikaingia. Nikamtumia shangazi ujumbe, nikazima simu. Aibu niliyoisikia, utadhani nimefeli mtihani!

Asubuhi nikapita Mwanga, nikakunja Himo, nikapanda Marangu. Ukungu, migomba, akina mama na mizigo ya majani ya ng'ombe pembeni kabisa mwa lami. Wakati wa kushuka, mjomba aliinama dirishani: "Gia namba mbili, mwanangu. Ukikaa juu ya breki mpaka Himo zitanuka." Nikatii.

Shangazi hakugomba. Aliupasha mtori, akaniuliza nililala wapi, akasema chumba cha gesti hakipungui bei kwa kuogopa kukilipia.

Jumapili narudi, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimempata binamu wa kupanda naye hadi Dar. Anaongea bila kupumua huyo, na ndiyo maana nimemchagua.