Kadi Haijui Mgeni

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sina ubishi na wahenga, lakini ukisimama hapa Biashara Street, upande ule inapokutana na Digo Road, utajionea mwenyewe kwamba mgeni akija, wa kwanza kupona ni makanga.

Napajua mahali hapo kwa sababu Bibi yangu mzaa baba hukaa na cherehani yake barazani mwa duka moja la leso. Leso huuzwa mbili mbili zikiwa zimeshikana, na mnunuzi akishalipa humletea Bibi azikate na kuzipinda papo hapo. Na nani asiyejua kwamba Biashara Street ndiyo makao makuu ya leso? Kuna zile za Mali ya Abdulla, ambazo hata mama yake Bibi alizivaa, na kuna za juzi juzi ambazo rangi yake ni ya kuombea dua isitoke. Watu huja kutoka Lamu, Voi, Tanga na Nairobi, na wengine hutoka Uarabuni wakiwa na harusi mbele yao. Wakimaliza hutoka na mifuko yao, jua limewawakia, wakitafuta gari. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Mwenyeji haulizi nauli. Hunyosha hamsini yake akatazama nje dirishani kama asiyehusika. Mgeni huuliza, "Feri ni pesa ngapi?" na kwa swali hilo peke yake ameshajipandishia nauli. Makanga husikia lafudhi kabla hajasikia swali.

Mwezi wa Disemba shangazi yangu alikuja kututembelea pamoja na bintiye, ambaye ni rika langu. Shangazi aliolewa Kigali, mtaa wa Nyamirambo. Huko Kiswahili kinasemwa, tena sana, ila kina mwendo wake, na mtu wa Mombasa akikisikia hugeuka kutazama. Siku yao ya pili hapa walitoka nyumbani Likoni peke yao kuja kumtafuta Bibi kazini, kwani mimi nilikuwa nimetangulia naye asubuhi kumbebea mzigo. Kivukoni hawakupata taabu. Feri ya Likoni kwa aendaye kwa miguu ni bure, awe mgeni awe mwenyeji. Walipofika upande wa kisiwani wakapanda gari la kuja mjini. Binamu yangu, kwa mazoea ya kwao, akachomoa kadi mkobani akasimama mlangoni akiangaza huku na huku.

"Dada, watafuta nini?" makanga akamuuliza.

"Mashine ya kugusisha kadi."

Gari zima likaangua kicheko. Makanga, aliyekuwa na utani wa kutosha gari mbili, akaipokea ile kadi, akaigusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, akalia "Tiii!" kisha akanyosha kiganja. "Haya, mashine imekubali. Sasa leta mia. Na mama, mia."

Walipofika barazani shangazi alikuwa bado anacheka, machozi yamtoka. Binamu hakucheka. Shilingi mia mbili, na watu wawili ni mia! Bibi aliacha kukanyaga cherehani. Hiyo mia iliyozidi, kwake yeye, ni kazi ya pea mbili za leso.

Alasiri ile wateja walikuwa wachache, basi kadi ikawa ndiyo mazungumzo. Ni kipande cha plastiki, ukubwa wake kama kitambulisho. Kwao huitwa Tap&Go, na ilianzishwa mwaka 2015 na kampuni ya Rwanda yenyewe, AC Group. Unampa wakala pesa zako kituoni, naye anaziingiza kwa mashine yake. Ukipanda basi kuna kidude karibu na mlango, unaisogeza kadi, kinalia mara moja, nauli imekatwa. Basi. Hakuna "songa nyuma nikupe chenji yako," hakuna mkono wa mtu mbele ya uso wako. Makanga wenyewe hawapo tena, na shangazi anawakumbuka. Alipoolewa walikuwepo, wakipiga kelele kama hawa wetu.

Mimi nilitaka kujua inavyofanya kazi, maana niliipindua nisione hata tundu la betri. Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza shule zilipofunguliwa. Ndani ya plastiki kuna chipu ndogo sana na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa. Mashine hutoa mawimbi ya redio, na waya ukikaribia kwa sentimita chache hupata umeme kidogo, wa kutosha kuiamsha ile chipu itaje namba yake na salio lake likaguliwe. Ukiiondoa inalala tena. Alisema hayo tutayasoma vizuri kidato cha nne, nikaona afadhali niyajue mapema.

Lakini swali langu la kwanza siku ile halikuwa la fizikia. Nilimuuliza binamu, je, mgeni asiye na kadi hufanyaje Kigali, ikiwa mashine haipokei sarafu? Akasema mgeni wa siku nyingi hununua yake. Mgeni wa siku mbili humwomba abiria mwenzake amgusishie, kisha humpa pesa mkononi.

"Na watu hukubali?"

"Wanakubali. Kwani inawapunguzia nini?"

Nikaona ajabu. Mashine yote ile, na bado mgeni anapita kwa hisani ya mtu aliyesimama mbele yake. Tofauti ni kwamba yule mtu hawezi kumwongezea bei, kwa sababu mashine imeshaitaja mbele ya wote.

Bibi alikuwa kimya muda wote huo. Akaiomba kadi, akaigeuza mara mbili kama anayetafuta jina la leso. Kisha akauliza, "Hii yakopesha?"

"Hapana, Bibi. Pesa zikiisha inakataa, unashuka."

"Basi mimi na hii, mbalimbali."

Akairudisha, akaendelea kupinda.

Msomaji, ili uelewe jibu hilo yafaa ujue jioni za Bibi. Kuna siku hushinda tangu asubuhi akapata pea tatu tu, na pesa zote zikaishia kwenye unga na mafuta ya taa. Siku hizo kuna makanga mmoja wa gari za Feri, kijana mwenye sauti kama king'ora, ambaye akimwona na mkoba wake wa nyuzi humwambia, "Mama panda, utanipa kesho." Na kesho humpa, au kesho kutwa. Deni hilo haliandikwi popote. Kijana huyo huyo, sina shaka, huwatoza wageni mia. Sijui nimchukie au nimwombee dua.

Msidhani Kenya haikujaribu mambo ya kadi. Mwaka 2013 kampuni ya Google pamoja na Equity Bank zilileta BebaPay kwa magari ya Nairobi. Mwaka uliofuata serikali iliamuru, kupitia kanuni za mamlaka ya usafiri, NTSA, kwamba nauli za magari ya abiria zisilipwe tena kwa pesa taslimu. Tarehe iliyotangazwa ilikuwa 1 Julai 2014. Zikazuka kadi za kila rangi, mojawapo ikipewa jina la 1963, mwaka wetu wa uhuru. Tarehe ikafika, ikasogezwa, pesa taslimu zikabaki pale pale, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Mamangu alikuwa Nairobi wakati huo. Asema alibeba kadi mbili mkobani na sarafu juu yake, kwa sababu kadi ya gari hili haikukubaliwa na gari lile, na gari lililotokea mvua ikinyesha halikuwa na mashine kabisa.

Kwa nini haikushika? Nimewauliza wakubwa na jibu lao ni moja. Gari huwa na hesabu. Mwenye gari hutaka kiasi fulani jioni, na kinachozidi ni cha dereva na makanga. Kadi ingemwonyesha tajiri kila shilingi iliyoingia. Nani kati ya hao wawili angeipenda? Tena pesa za mkononi ndizo zinunuazo mafuta katikati ya safari, na kulipia mambo mengine ya barabarani ambayo sitayaandika kwenye gazeti la shule. Juu ya hayo M-Pesa ilikuwepo tangu 2007. Watu waliona wana simu tayari, kadi ya nini?

Kuhusu hiyo simu, sisi wasichana tuna la kusema. Mwenzetu mmoja wa darasani alilipa nauli kwa rununu wakati wa likizo, akaituma kwenye namba ya makanga mwenyewe. Hajafika nyumbani, ujumbe umeshaingia: "Mrembo umefika salama?" Ukimtumia mtu pesa kwa namba yake, hupata jina lako na namba yako. Alimzuia, yule kijana akaja na namba nyingine. Binamu aliposikia kisa hicho alinitazama tu. Yeye huenda shule na kurudi muhula mzima bila kumjulisha yeyote ndani ya basi kwamba yeye ni nani. Kile kidude cha mlangoni hakimtumii binadamu yeyote ndani ya basi namba ya msichana. Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tena kuna jambo la sare. Wanafunzi wenzangu wa shule za kutwa mnalijua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale kivukoni upande wa kisiwani, makanga huita "Posta! Posta!" mpaka aione sketi ya shule. Mwanafunzi hulipa nusu nauli, na kiti cha nusu nauli asubuhi ni hasara. "Wanafunzi, ngojeni nyuma." Gari la kwanza, la pili, la tatu. Mara ngapi nimeikata njia kwa miguu kutoka Feri hadi shuleni, nikafika jasho lanitiririka na kiranja ameshaliandika jina langu! Mimi si mgeni. Nimezaliwa Mombasa, lafudhi yangu ni ya hapa hapa, na bado kila asubuhi natazamwa kama mzigo wa mtu mwingine. Mashine haioni sare, nilimwambia shangazi. Akanijibu kwamba mashine haina macho, lakini dereva anayo, na akiamua asisimame kadi itabaki mkononi mwangu. Hilo nalo ni kweli.

Kwa hivyo asubuhi mimi ni mtu wa kadi, jioni nikiwa na Bibi ni mtu wa makanga.

Aliyetuongezea moto ni rafiki yangu wa Kibokoni, kule Mji wa Kale. Kwao wana kadi ya London, ile Oyster, iliyoanza kutumika huko mwaka 2003. Ilinunuliwa na mjomba wake, na pesa zilizobaki ndani yake haziozi hata zikikaa miaka. Kwa hivyo yeyote katika ukoo anayepata safari hupewa kadi kwanza, dua baadaye. Imeshatumiwa na watu wanne, kama kanzu ya Idi. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu tarehe 6 Julai 2014, yaani siku tano tu baada ya ile tarehe yetu. Wao wakaendelea, sisi tukarudia sarafu. Lakini kabla ya kuzikataa pesa waliweka jambo moja ambalo lilinifanya nikimbie mbio hadi barazani kwa Bibi. Mtu akikuta salio lake la Oyster halitoshi nauli, basi humchukua safari moja zaidi, na deni hukatwa akija kuongeza pesa.

"Bibi, iko inayokopesha!"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, uzi mdomoni. "Ehe! Huyo aliyeifanya hiyo ana mama," alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Safari moja tu?"

"Moja, Bibi."

"Na wiki ya mvua je?"

Msomaji ambaye hajakaa Biashara Street huenda asijue. Mvua ya masika ikishika siku nne, hakuna anayetoka kununua leso. Swali hilo nimemwandikia binamu yangu, aliyekwisha kurudi Kigali, amuulize yule wakala wao wa kituoni. Amesema atauliza. Mpaka gazeti hili linakwenda mtamboni, jibu halijafika.