Vidonda vya Kinywa

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa nikiwafasiria wagonjwa wa lugha yetu hapa Thornton Heath, kusini mwa London, na hospitali ya London Road ingali ikiitwa Mayday (jina la Croydon University Hospital ilipewa mwaka 2010), adha niliyoisikia ikitajwa zaidi na wenye virusi vya UKIMWI kuliko homa na kukonda ilikuwa ni vidonda vya kinywa. Havikuwa ule utando mweupe wa fangasi, ambao aghalabu ulisikia dawa upesi, bali vishimo vyenye kingo nyekundu, chini ya ulimi na hata kooni, vilivyopona na kurejea. Bibi mmoja wa Mombasa, nilipomsihi ale, alinijibu, “Mwanangu, njaa ninayo, ila mlangoni pana moto.”

Tiba ya wakati ule ilikuwa kusukutua kwa maji ya chumvi, dawa ya ganzi, na steroidi za kupaka. Vikikaidi, vidonge vya prednisolone, vilivyotolewa kwa hadhari kwa kuwa huidhoofisha kinga iliyokwisha kuwa haba. Kisha ikaja thalidomide, dawa ile ile iliyoondolewa madukani Uingereza mwishoni mwa 1961 kwa kuwalemaza watoto tumboni mwa mama zao! Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulidhihirisha kuwa kati ya wagonjwa 29 waliomeza miligramu 200 kila siku, 16 walipona kabisa kwa wiki nne, na kati ya 28 waliopewa kidonge kitupu, 2 tu. Walakini ilileta usingizi na ganzi ya miguu, na mwanamke hakupewa ila kwa sharti la kutoshika mimba, maneno ambayo mimi, mwanamume, niliyafasiri nikitazama sakafu.

Kilichovishinda vidonda hivyo kwa wengi, hata hivyo, hakikuwa dawa ya kinywa, bali zile dawa za kufubaza virusi zilizoanza kutumika tatu kwa pamoja mnamo 1996, na kinga ilipopanda kwa sababu ya dawa hizo, vidonda vikawa adimu. Lakini vidonge vilikuwa vingi na vikubwa, na mwenye koo bichi sharti atulizwe kwanza ndipo avimeze. Kwa hiyo siwakubalii wanaozidharau tiba za kutuliza.

Hizo dawa za kufubaza virusi Tanzania ilianza kuzigawa bure mwaka 2004. Hapa England, hadi Oktoba 2012, asiye na kibali cha ukaazi aliweza kudaiwa malipo, na niliwajua waliojificha chumbani wakitafuna karafuu kwa hofu ya ankara. Siku hizi naitwa zaidi kwa ajili ya sukari na shinikizo la damu.