Mkono wa Kuinulia Plau

Watu wengi wakilitazama trekta huisifu injini na magurudumu yake makubwa, wala hawaulizi habari za mkono mdogo ulio ubavuni mwa kiti cha dereva. Lakini trekta lisiloweza kuinua plau halifai kulimia. Likifika mwisho wa shamba, plau ingali ardhini, litageukaje?

Aliyebuni mpango wa kuiunganisha plau na trekta kwa vyuma vitatu na kuiinua kwa nguvu ya oili alikuwa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, katika miaka ya 1920. Kati ya mwaka 1946 na 1956 kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilitoa zaidi ya nusu milioni ya matrekta yake madogo ya kijivu. Ndugu yao mwekundu, Massey Ferguson 35, aliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1964. Trekta la babu yangu wa Kisesa ni la aina hiyo, nalo limemzidi baba yangu umri.

Mwishoni mwa Novemba iliyopita mkono wa trekta hilo uliacha kuinua. Msimu wenyewe haukungoja mtu, maana pamba ya Usukuma hupandwa mvua za kwanza zinapoanza, na anayepita katikati ya Desemba huvuna kidogo. Wasukuma wengi hulima kwa ng'ombe. Lakini pale kijijini zilikuwapo nyumba sita zisizo na ng'ombe, tatu kati yao za wajane, nazo zilikwisha kumpa babu nusu ya malipo. Fedha hizo babu alikwisha kuzitia katika dizeli na tairi. Tena alikuja mnunuzi wa chuma chakavu, akalizunguka trekta mara mbili, akataja bei. Babu hakumfukuza. Jambo hilo ndilo lililonitisha.

Shule ilipofungwa nilikwenda Kirumba kwa mjomba wangu, mwenye karakana ndogo upande wa Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa na harufu ya grisi hazitengani. Siku ya pili yake trekta likafika, plau yake ikifuata nyuma juu ya gari la mchanga.

"Mwangaluka, mzee," mjomba akamsalimu.

"Mwangaluka. Hebu niambie, linatibika, au nikaliuze?"

"Mzee, mgonjwa hajapimwa, nawe unataka kuchimba kaburi?"

Fundi mwingine alikuwa amekwisha kumwambia babu kwamba pampu imekufa, na pampu mpya ilimshinda bei. Mjomba hakuigusa pampu. Alipima oili kwanza, ilitosha. Akahakikisha kwamba shafti itokezayo nyuma inazunguka, kwa sababu katika trekta la namna hii shafti hiyo ndiyo inayoendesha pampu, na isipoingizwa hakiinuki kitu. Kisha akasema, "Mpwa wangu, shika tochi, tazama pale mkono unapoingia ndani. Usinitazame mimi."

Akauvuta mkono juu, akaushusha.

"Umeona nini?"

"Mkono unakwenda, mjomba, lakini kile chuma cha ndani hakizunguki."

Chuma hicho ndicho kinachoifungulia vali oili iende kusukuma pistoni, nayo pistoni huinua mikono ya nyuma. Huufuata mkono wa dereva kwa sababu ya pini moja, fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Tulipoifungua tulikuta msumari. Mtu aliupachika zamani mahali pa pini, akaukunja ncha, nao ulikuwa umekatika vipande vitatu.

Jirani mmoja wa karakana alishauri tuchomelee tu, kazi iishe kabla ya chai. Mjomba alikataa, akisema kuwa kilichochomelewa hakifunguki tena, na mpira wa kuzuia oili uliopo pale utaungua. Kwa hiyo tulichagua bolti ngumu kuukuu, tukaibana kwenye jiliwa, nami nikapewa tupa. Nilisugua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikijaribu na kurudisha, maana pini ikilegea kidogo hukatika kama msumari. Kipande cha mwisho cha msumari kiligoma kutoka. Kilitoka kwa keekee, kesho yake.

Babu mwenyewe akapanda, akawasha, akauvuta mkono. Plau ikapanda taratibu, ikining'iniza udongo wa Kisesa uliokauka. Mjomba akapima kwa kijiti umbali wa plau na ardhi, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kijiti kilikuwa kikiingia vile vile, haikushuka. Babu aliipandisha na kuishusha mara saba, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba inatosha.

Shamba la sita lilimalizwa tarehe 14 Desemba, usiku, kwa taa. Mnunuzi wa chuma chakavu alirudi wiki ile ile, na babu akampa ule msumari.