Vijia vya Mghange viingie kwenye ramani

Unajua ramani ya matatu za Nairobi ilitengenezwa vipi? Katika mradi wa Digital Matatus, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda magari, simu mkononi, wakirekodi kila steji. Ramani ilitoka 2014. Data yenyewe ni mafaili ya maandishi tu, hata programu ndogo inayasoma.

Hapa Mghange wengi tunatembea kwa miguu. Vijia vya milimani anavijua mama anayeteremka na mboga, si kompyuta. OpenStreetMap, inayojengwa na watu wa kujitolea tangu 2004, haidai digrii: washa GPS, tembea, pakia. Kijia kisichokuwa kwenye ramani ni rahisi kusahauliwa barabara inapopangwa. Jumamosi naanza na njia ya shule. Nani twende?