Rafu ya Vitabu ni Amana

Ndugu msomaji, nikwambie lililonipata ili nawe ujihadhari. Marehemu baba aliniachia vitabu vyake hapa Mikindani. Nikavitia sandukuni, nikalifunga, nikaliweka sakafuni. Masika yalipokwisha nikalifungua: mchwa wamepenya kwa chini, na tafsiri aliyokuwa akinisomea imebaki jalada. Sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Ndipo niliposhika msumeno. Si lazima uwe fundi seremala. Tafuta mbao za mninga au mvule zilizokauka barabara; mbao laini ni karamu ya mchwa. Unene uwe inchi 1, na urefu bila ya mhimili usizidi futi 2 na nusu, la sivyo ubao utapinda kwa uzito. Rafu ya chini iinue shibiri moja, na nyuma uache nafasi na ukuta: upepo upite, maana hewa ya bahari ina unyevu, nawe uweze kuchungulia. Ukiona mstari wa udongo unapanda, mchwa hao, ufute upesi. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe waliacha vidaka ukutani. Walijua kitu cha thamani hakilazwi chini.

Wanangu walipiga randa pamoja nami. Msahafu tukauweka juu kabisa. Siku hizi baada ya Magharibi huniuliza, "Baba, leo tusome kipi?"

Ndugu yangu, neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni amri ya kusoma. Kitabu kilichofungiwa hakisomwi, na kesho kila mtu ataulizwa amana yake. Je, vyako vimelala wapi?